Kabla ya Tingatinga Kufika

Wiki iliyopita tulizungumza juu ya stakabadhi na namna ya kuitunza. Leo somo letu ni barabara: jinsi barabara kuu inavyopangwa kupanuliwa ili kupunguza foleni mjini, na jinsi mpango huo unavyomgusa mtu anayekaa kando yake. Nitasema pole pole. Neno gumu nitalieleza, ili yule anayefuata mstari kwa kidole asiachwe nyuma.

Nitatumia mfano wa Barabara ya Morogoro, kipande cha kutoka Kimara hadi Kibaha. Nimeichagua kwa sababu kazi yake imefanyika mbele ya macho yetu, na kila mmoja wenu amepita hapo au ana ndugu anayepita hapo. Mimi si injinia. Stashahada niliyoipata chuo kikuu ni ya elimu ya watu wazima, siyo ya lami na kokoto. Lakini nimefanya kazi na madarasa yaliyo kando ya barabara kubwa, na nimeona kwamba wanaoumia mara nyingi ni wale waliodhani mambo ya barabara ni ya mainjinia peke yao.

Kumbukeni hali ilivyokuwa kabla ya mwaka 2018. Kutoka Kimara kwenda Kibaha, mwendo wa kilomita 19.2, barabara ilikuwa na njia mbili tu, moja ya kwenda na moja ya kurudi. Ninaposema "njia" leo nina maana ya ukanda mmoja wa lami unaotosha gari moja kwa upana, kiasi cha mita tatu na nusu hivi. Katika kanda hizo mbili yalipita mabasi mengi ya kwenda bara, malori yaliyochukua mizigo bandarini kuipeleka Zambia, Kongo, Rwanda na Burundi, daladala za Mbezi na Kibamba, magari ya watu wa kazi, pikipiki na mikokoteni. Lori moja likiharibika kwenye mwinuko, wote waliokuwa nyuma yake walisimama. Mtu wa Kibamba aliyetakiwa kazini saa moja na nusu asubuhi alitoka nyumbani gizani, na bado alichelewa. Sina haja ya kuendelea, maana wengine wenu ndio mliokuwa ndani ya magari hayo.

Watu husema foleni huletwa na wingi wa magari. Ni kweli, lakini ni nusu ya jambo. Hesabu ya watu ya mwaka 2002 ilikuta karibu watu milioni 2.5 katika Mkoa wa Dar es Salaam. Mwaka 2012 walikuwa karibu milioni 4.4, na mwaka 2022 karibu milioni 5.4. Watu hawa walioongezeka hawakujenga Kariakoo, kwa kuwa huko hapana nafasi. Wengi walijenga Mbezi, Kibamba, Kiluvya, na wengine walivuka hata mpaka wa mkoa, mahali ambapo kiwanja kilipatikana kwa bei wanayoiweza. Kazi, hospitali kubwa, benki na masoko makubwa vilibaki mjini. Basi kila asubuhi umati huteremka upande mmoja, na jioni hupanda upande wa pili. Likumbukeni jambo hili, maana tutalirudia.

Sasa tazameni mpangaji wa barabara anavyoanza kazi yake. Haanzi na koleo wala tingatinga. Huanza na kalamu na karatasi. Watu huwekwa kando ya barabara, hukaa hapo mchana na usiku kwa siku kadhaa, mara nyingi wiki nzima, wakihesabu kila kinachopita. Nao hutumia alama ile ile tuliyojifunza katika somo la tatu: vijiti vinne vya kusimama, na cha tano huvikata vinne kwa mshazari. Gari dogo lina safu yake, basi lina safu yake, lori lina safu yake, pikipiki na baiskeli kadhalika. Mwanafunzi yeyote wa darasa hili aweza kuifanya kazi hiyo.

Baada ya kuhesabu, hulinganisha. Lori refu lenye tela haliwezi kuhesabiwa sawa na gari dogo, maana hula nafasi kubwa na hupanda mlima pole pole. Kwa hiyo lori moja huhesabiwa kama magari madogo mawili, au matatu, au zaidi. Madereva huulizwa pia: umetoka wapi, wakwenda wapi, umechukua nini? Majibu hayo yana faida kubwa. Ikionekana kwamba wengi wanapita tu mjini kwenda mahali pengine, huenda barabara ya kuzunguka mji ikafaa kuliko kuipanua ya katikati. Ikionekana kwamba wengi wanakwenda mahali pamoja kwa saa moja, huenda basi likafaa zaidi.

Kisha hukisia miaka ijayo. Barabara haijengwi kwa magari ya leo tu. Yakiongezeka kwa asilimia 5 kila mwaka, baada ya miaka 14 hivi yatakuwa maradufu. Waliomaliza kitabu cha pili cha hesabu wajaribu wenyewe. Anzeni na magari 100, ongezeni tano kwa kila mia, mwaka kwa mwaka, mwone mtafika wapi.

Kuna hesabu nyingine, ya uzito. Kati ya mwaka 1958 na 1960 Wamarekani walijenga barabara za majaribio katika jimbo la Illinois, wakawaweka askari kuendesha malori juu yake, mzunguko baada ya mzunguko, kwa muda wa miaka miwili. Walichojifunza hapo kingali kinatumika. Ekseli, yaani chuma kinachoshika magurudumu ya kulia na kushoto, ikibebeshwa mzigo maradufu, haiiharibu barabara mara mbili, bali kiasi cha mara 16. Ndiyo sababu barabara ya malori ya bandari yahitaji tabaka nene chini ya lami. Ndiyo sababu pia mizani ipo njiani, ingawa madereva huichukia.

Mpaka hapa ni kazi ya watu wa karatasi. Sasa tufike kwenye ardhi, na hapa nitakaa zaidi.

Kila barabara kuu ina ardhi yake pande zote mbili, ambayo huitwa hifadhi ya barabara. Hifadhi hiyo ipo hata kama hapana lami juu yake, hata kama pameota mihogo na mchicha. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 iliweka hifadhi ya barabara kuu kuwa mita 30 kila upande, kupimwa kutoka katikati ya barabara. Kabla ya hapo ilikuwa mita 22.5. Toeni 22.5 katika 30. Mwapata 7.5. Mita saba na nusu ni vyumba viwili na baraza. Watu wengi katika nchi hii walijenga wakiwa nje ya mpaka wa zamani, wakalala, wakaamka wakiwa ndani ya mpaka mpya.

Kwa ajili hiyo kukawa na maneno mawili yaliyoenea sana: kuna aliyeifuata barabara, na kuna aliyefuatwa na barabara. Aliyejenga ndani ya hifadhi baada ya hifadhi kuwapo, huyo ameifuata barabara, wala hana fidia. Aliyekuwapo kihalali kwanza, kisha mpaka ukamfikia, huyo amefuatwa na barabara, na anastahili kulipwa. Mara nyingi tofauti hiyo imeandikwa ukutani kwa rangi. X nyekundu ni ya kuondoka bila malipo. X ya kijani ni ya kungoja fidia. Rangi moja na nyingine, ndugu zangu, ni tofauti ya maisha. Lakini alama ya ukutani haitoshi. Rangi hufutika kwa mvua, na hata fundi wa rangi aweza kukosea nyumba. Kinachohesabika ni karatasi.

Barabara ya Morogoro ilikuwa na habari yake peke yake. Toka Ubungo hadi Kiluvya, hifadhi iliyotajwa haikuwa mita 30 wala 22.5, bali mita 121.5 kila upande, kwa msingi wa sheria ya tangu enzi ya ukoloni, ya mwaka 1932. Mita 121.5 ni ndefu kuliko kiwanja cha mpira. Watu walikuwa wamejenga humo kwa miaka mingi, wengine wakiwa na karatasi mikononi, na umeme na maji vimefungwa majumbani mwao. Wengine walifika mahakamani kudai haki yao. Mwaka 2017 bomoabomoa ikapita. Zilianguka nyumba nyingi, maduka, na hata nyumba za ibada. Pale Ubungo, ambapo palihitajika nafasi ya barabara za kupishana juu, hata jengo la makao makuu ya shirika la umeme lilipata kukatwa. Yafaa tuseme kweli: barabara yenye njia nane iliyopo leo imepita mahali palipokuwa na vitanda vya watu. Mimi nasifu barabara hiyo, na naitumia. Lakini sikubali mtu aniambie kwamba ilijengwa mahali patupu.

Hebu niwasimulie jambo moja, siyo la barabara hii bali la nyingine, na jina la mwenye jambo nalisitiri. Katika darasa moja nililokuwa nikilitembelea alikuwapo mama wa makamo, muuza vitumbua, mwanafunzi hodari. Siku moja baada ya somo alinifuata nje akafungua fundo la kanga yake. Ndani mlikuwa na karatasi iliyokunjwa mara nne. Akasema, "Mwalimu, hii nililetewa na kijana mmoja. Nimeanza kuisoma mwenyewe, lakini neno hili limenishinda." Neno lenyewe lilikuwa "uthamini". Uthamini ni kazi ya kupima mali na kusema bei yake. Karatasi ilimtaka awepo nyumbani siku fulani, wathamini waje kuandika mali yake kwa ajili ya fidia. Siku hiyo ilikuwa imepita wiki mbili.

Wathamini walikuwa wamefika naye yupo sokoni. Walimkuta mjukuu wa miaka tisa. Waliandika nyumba ya mbele. Vyumba viwili vya nyuma, vilivyokuwa na wapangaji, havikuandikwa, wala kisima hakikuandikwa. Tulikaa chini ya mwembe, naye akaandika barua ya kulalamika kwa mkono wake mwenyewe. Mimi nilimtajia herufi alizokwama tu. Barua ilichukua jioni mbili. Mwenyekiti wa mtaa akaipokea, akatia sahihi na tarehe kwenye nakala, naye mama akaihifadhi nakala hiyo. Wathamini walirudi. Vyumba viliingizwa. Kisima hakikuingizwa mpaka mwisho, na sikupata kuelewa kwa nini. Hata leo nikipita hapo husikia uchungu wa kile kisima, kwa maana alikichimba kwa fedha za vitumbua.

Basi jueni mambo machache ambayo sheria na kanuni zetu za ardhi zimeyaweka. Mwenye kustahili fidia halipwi matofali peke yake. Hulipwa thamani ya ardhi na ya nyumba kwa bei ya soko. Huongezwa posho ya usumbufu. Huongezwa posho ya makazi, ambayo huhesabiwa kwa kodi ya nyumba ya miezi 36. Huongezwa gharama ya kuhamisha mzigo wa tani 12 kwa umbali wa kilomita 20. Mwenye biashara hufikiriwa pia faida atakayoikosa kwa miezi 36, lakini lazima aionyeshe faida hiyo, na huonyeshwa kwa hesabu zilizoandikwa. Mwaona sasa kwa nini wiki iliyopita niliwasumbua juu ya stakabadhi? Tena, malipo yakicheleweshwa kupita miezi sita, yapasa yaongezwe riba. Na ile fomu ya uthamini, usiitie sahihi wala dole gumba kabla hujaisoma, au kabla hujasomewa na mtu unayemwamini. Hesabu vyumba vyako. Hesabu minazi yako. Choo ni jengo. Kisima ni mali.

Jambo la ardhi tuliache hapo, twende kwenye swali la pili, ambalo watu wachache huliuliza. Njia mpya zikiisha kujengwa, zitambeba nani?

Tufanye hesabu ubaoni. Njia moja nzuri ya barabara kuu, isiyo na taa wala makutano, hupitisha kiasi cha magari madogo 1,800 kwa saa. Tuseme kila gari lina watu wawili, ingawa tukitazama asubuhi twaona mengi yana mtu mmoja. 1,800 mara mbili ni watu 3,600. Sasa chukueni njia hiyo hiyo, mwipe mabasi peke yake, yale marefu yenye kiungo katikati kama ya mwendokasi, ambayo huchukua watu 150 hivi. Basi moja likipita kila dakika, ni mabasi 60 kwa saa. 60 mara 150 ni watu 9,000. Lami ni ile ile, na upana ni ule ule.

Yupo atakayesema, "Mwalimu, tujenge njia nyingi tu, kila mtu apite na gari lake." Nchi moja imejaribu sana jambo hilo, nayo ni Marekani. Katika mji wa Houston, jimbo la Texas, kuna barabara ya kwenda magharibi iitwayo Katy Freeway. Ilikuwa na foleni mbaya, wakaipanua kwa gharama ya dola kama bilioni 2.8. Kazi ilikwisha mwaka 2008. Mahali penye upana mkubwa kabisa, ukihesabu na barabara za pembeni, ina njia 26. Fikirini, njia 26! Mwanzoni watu walipita vizuri. Lakini kati ya mwaka 2011 na 2014, muda wa safari ya asubuhi kwa watu wa mbali uliongezeka kwa asilimia 30, na wa jioni kwa asilimia 55. Foleni ilikuwa imerudi.

Imerudije? Haikuwa miujiza. Barabara ilipokuwa wazi, aliyekuwa akiamka mapema kukwepa foleni alilala kidogo zaidi, akatoka saa ile ile ya wenzake. Aliyekuwa akipita njia ya kuzunguka akaiacha. Aliyekuwa akipanda basi akanunua gari. Na aliyekuwa akitafuta kiwanja akaenda mbali zaidi, maana sasa mbali palionekana karibu. Mchumi mmoja wa Marekani, Anthony Downs, alikwisha kuliandika jambo hili mwaka 1962, kwamba barabara kuu za mjini hujaa tena kwa saa za kwenda na kutoka kazini. Mwaka 2011 wachumi wengine wawili, Gilles Duranton na Matthew Turner, walipima miji ya nchi hiyo, wakaona kwamba mwendo wa magari huongezeka karibu sawasawa na njia kuu zinavyoongezwa.

Msinielewe vibaya. Sisemi tusipanue barabara. Barabara ya njia mbili iliyobeba mizigo ya nchi jirani na wafanyakazi wa mji mzima ilikuwa imezidiwa, na hapana mtu mwenye akili angeiacha vile. Nasema hivi: ukiongeza njia nane, ukawaacha watu wazidi kujenga mbali, na kazi zikabaki mahali pale pale, umenunua miaka kadhaa ya nafuu. Wakati wa nafuu ndio wa kuweka mabasi mazuri, na wa kupeleka shule, hospitali na kazi huko wanakokaa watu. Dar es Salaam ilikwisha kuanza njia hiyo. Mabasi yaendayo haraka yalianza kazi Mei 2016, kutoka Kimara kwenda Kivukoni, yakiwa na njia zao wenyewe katikati ya barabara. Na Februari 2021 kituo kikuu cha mabasi ya mikoani kilifunguliwa Mbezi, hivyo mabasi ya bara hayana tena haja ya kusukumana mpaka Ubungo. Mwendokasi una shida zake, nami nimesimama kituoni nikaziona. Mabasi kuwa machache ni kosa la kuyaendesha. Njia ya basi yenyewe si kosa.

Liko neno la mwisho juu ya mpango, nalo ni la miguu. Barabara ya njia mbili huvukwa kwa kutazama kulia na kushoto. Barabara ya njia nane haivukwi hivyo. Mtoto wa darasa la kwanza hawezi, na bibi mwenye mkongojo hawezi. Wenzetu wa Kenya waliipanua barabara ya Nairobi hadi Thika, kilomita zipatazo 50, kazi iliyoanza mwaka 2009 na kuzinduliwa Novemba 2012. Ni barabara nzuri sana, na magari yalipata mbio. Lakini watembea kwa miguu wengi waligongwa na kufa katika miaka ile ya kwanza. Madaraja ya kuvukia kwa juu hayakuwa yamekamilika yote, na mengine yalikuwa mbali na mahali watu wanapopita. Mtu aliyetua mzigo kichwani hakuzunguka mbali kutafuta daraja. Aliruka kizuizi cha katikati. Ni rahisi kumlaumu. Lakini mpangaji mwema huenda kwanza kutazama njia ya mguu iliyokanyagwa majanini, ndipo huweka daraja lake hapo.

Maji ya mvua kadhalika. Barabara mpya huinuliwa, nayo hugeuka ukuta. Kalavati ikiwa ndogo, au ikielekezwa uani kwa mtu, nyumba iliyokaa kavu miaka 30 hufurika Aprili ya kwanza.

Sasa mambo haya yote, yaani mpaka, fidia, njia za basi, vivuko na kalavati, huamuliwa lini? Huamuliwa kwenye michoro, miaka miwili au mitatu kabla hujasikia mlio wa tingatinga. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inataka mradi mkubwa wa namna hii upimwe kwanza athari zake, na wananchi waulizwe maoni yao. Maana yake, patakuwa na mkutano. Tangazo litabandikwa ofisi ya serikali ya mtaa au ya kata. Litakuwa karatasi moja, na huenda mbuzi akaila. Aliyejifunza kusoma na alisome, kisha amsomee jirani. Siku ya mkutano mchoro hutundikwa ukutani, na mgeni huonyesha kwa fimbo. Usione haya. Mwambie akuonyeshe nyumba yako iko wapi kwenye mchoro ule. Muulize mpaka umepimwa kutoka wapi, na jiwe lake limewekwa wapi. Muulize watoto watavukia wapi kwenda shule, na mkono uonyeshe mahali penyewe. Muulize maji yatatokea wapi. Muulize kama njia ya basi imo. Na mwombe katibu aandike swali lako katika kumbukumbu za mkutano, pamoja na jina lako. Swali lisiloandikwa hupotea na vumbi la gari la mgeni.

Darasani mna kazi ya wiki hii. Gawanyikeni watu wanne wanne. Nendeni kwenye barabara iliyo karibu nanyi, mkae mahali salama, mbali na ukingo wa lami. Hesabuni kwa robo saa asubuhi na robo saa jioni. Mmoja aandike magari madogo, mmoja mabasi na daladala, mmoja malori, mmoja pikipiki na baiskeli. Tumieni vijiti vitano vitano. Kisha kadirieni ndani ya kila chombo mna watu wangapi, mzidishe, mjumlishe. Andikeni chini ya karatasi: mahali, tarehe, saa, na majina yenu manne. Mwalimu wa darasa atazikusanya Ijumaa.

Tena yule mwenye hati ya kiwanja, au karatasi yoyote ya mauziano ya ardhi, aje nayo somo lijalo, au nakala yake kama anaogopa kutembea na yenyewe. Tutazisoma pamoja, mstari kwa mstari, tukianza na mahali palipoandikwa mipaka.

Kwaherini.